Mwalimu bora wa historia utamjua kwa madaftari

Chukua daftari la jiografia la mwanafunzi wa S.3, mwaka wa tatu wa sekondari, katika shule yoyote ya Uganda, ulifungue pale alipochora mkato wa ramani. Ramani anayofanyia kazi ni ya skeli ya 1:50,000. Amechagua skeli ya wima ya sentimita 1 kwa mita 50, kisha ameambiwa atafute ukuzaji wa wima. Mita 50 ni sentimita 5,000, kwa hiyo 50,000 gawa kwa 5,000 ni 10: kilima kwenye karatasi kimenyanyuliwa mara 10 kuliko kilivyo. Wengi hupata 1,000, kwa sababu wamegawa kwa 50 bila kugeuza mita kuwa sentimita.

Sasa angalia wino mwekundu. Kuna mwalimu aliyetia alama ya kosa akapita. Kuna aliyeandika 10 pembeni, naye akapita. Na kuna aliyemwuliza mtoto, kwa mstari mmoja tu, kama kilima kilichorefushwa mara 1,000 kingeenea kwenye karatasi ile, akamrudisha kwenye vipimo. Ukigeuza ukurasa unakuta hesabu imerudiwa, imetoka 10, na tarehe ya mwalimu iko chini yake. Huyo wa tatu ndiye wa kutafutwa na kutuzwa. Lakini katika namna tunavyowatuza walimu wa sanaa, yaani masomo yasiyo ya sayansi, hivi sasa, ni nadra mtu kulifungua daftari hilo.

Tuelewane kwanza tunazungumzia walimu gani. Somo la maarifa ya jamii, liitwalo SST, huishia shule ya msingi. Mtoto akivuka PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kuingia sekondari, linagawanyika: historia na elimu ya siasa upande mmoja, jiografia upande wa pili, na kando yake elimu ya dini, ya Kikristo (CRE) au ya Kiislamu (IRE). Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeyafanya historia na jiografia kuwa masomo ya lazima kuanzia S.1 hadi S.4. Maana yake ni kwamba kila kijana anayeufanya mtihani wa UCE amekaa miaka minne mbele ya walimu hawa. Kwao ndiko anakojifunza kusoma ramani, kupima ushahidi, kujua katiba inasemaje, na kuelewa ardhi anayoishi ilifikaje mikononi mwa anayeidai.

Heshima wanayopata hailingani na mzigo huo. Tangu mwaka 2005 serikali imeisukuma sayansi mbele, na mwaka huohuo ukaanza mpango wa SESEMAT, kwa msaada wa JICA ya Japani, wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati waliokwisha kuwa kazini. Wenzao wa historia na jiografia hawakupata mpango wa namna hiyo. Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa sanaa mwenye digrii kama hiyo akibaki kwenye milioni 1 na elfu 78 hivi. Hilo ni pengo la karibu milioni 2.9 kwa mwezi, milioni 35 kwa mwaka, kati ya watu wawili wanaokaa chumba kimoja cha walimu na kuchukua chaki kwenye boksi moja. Juni 2025 walimu wa sanaa wa sekondari waligoma.

Kwa hiyo tuseme wazi: tuzo haiwezi kuziba pengo hilo, na anayeileta kama fidia ya mshahara anawakosea walimu. Tuzo ya shilingi milioni 3 ni pengo la mwezi mmoja. Kazi ya tuzo ni nyingine kabisa. Ni kuonyesha hadharani, kwa mifano inayoshikika, ufundishaji mzuri wa historia na jiografia unafananaje, ili mwalimu wa shule jirani aige na mzazi ajue cha kudai. Tuzo isiyotoa mfano wa kuigwa imemfurahisha mtu mmoja kwa siku moja, basi.

Leo tuna njia kuu mbili za kumtambua mwalimu wa sekondari. Ya kwanza ni cheti. Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani, au siku ya wazazi mwisho wa muhula, hedimasta anasoma majina, watu wanapiga makofi, mwalimu anapewa cheti kwenye fremu. Si vibaya, lakini muulize aliyepewa ni kwa lipi hasa. Mara nyingi jibu ni kwamba amekaa shuleni miaka mingi, au hajachelewa kipindi, au anaelewana na wakubwa.

Ya pili ina nguvu zaidi na madhara makubwa zaidi: bonasi ya matokeo. Shule nyingi za binafsi, na za serikali pia kupitia chama cha wazazi na walimu, PTA, humlipa mwalimu kiasi fulani kwa kila mwanafunzi aliyepata alama ya juu kabisa ya somo lake katika mitihani ya taifa ya UNEB. Inaonekana ni haki, lakini fuatilia inavyofanya kazi. Mwalimu anajua wanafunzi 15 ndio watakaomletea pesa, kwa hiyo masomo ya ziada ya jioni yanawaendea hao 15, na wale 55 wengine wanaachiwa kunakili noti. Mada ambazo anaamini hazitatoka mwaka huu anaziruka. Wanafunzi wanakaririshwa majibu ya aya kwa aya. Na shule inayochukua watoto wa PLE wenye jumla ya 4 hadi 8 (jumla ndogo ndiyo bora) inatoa bonasi nyingi kila mwaka, hata mwalimu asipofanya la maana, wakati mwalimu wa shule ya USE, mpango wa serikali wa sekondari kwa wote, aliyepokea mtoto mwenye 26 akamfikisha alama C haonekani popote. Amefanya kazi kubwa kuliko wote, na hesabu ya bonasi haina safu ya kumwandika.

Yapo pia mashindano ya kitaifa, kama lile la New Vision pamoja na Ubalozi wa Ireland linalowatafuta walimu wanaoleta mabadiliko, na yamefanya jambo jema la kuwatoa walimu wa vijijini kwenye giza. Lakini mashindano ya jumla, yanayochanganya masomo yote, huelekea upande mmoja. Mradi wa sayansi unapigika picha: mtambo wa biogesi, bustani, kifaa cha maabara. Mwanafunzi aliyejifunza kutofautisha ushahidi na uvumi hapigiki picha. Hata jirani yetu Peter Tabichi wa Kenya, aliyeshinda Global Teacher Prize ya dola milioni 1 mwaka 2019 na kuipa heshima Afrika Mashariki nzima, ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Hatumpunguzii hata chembe. Tunasema tu kwamba mwalimu wa historia anahitaji meza yake mwenyewe, yenye majaji wanaojua cha kutazama.

Kwingine walilitambua hili zamani. Nchini Marekani, chama cha walimu wa maarifa ya jamii, NCSS, kilichoanzishwa mwaka 1921, hutoa tuzo za somo hilo peke yake na kuwatenganisha walimu wa msingi, wa kati na wa sekondari. Taasisi ya Gilder Lehrman, tangu 2004, humchagua mwalimu wa historia wa mwaka kwa kuanzia majimboni, halafu taifa, na mshindi wa taifa hupata dola 10,000. Pesa zile hatuna, ila ngazi zile zinawezekana hapa kesho.

Basi majaji watazame nini? Waanze na AOI, zile kazi za kuunganisha maarifa ambazo mtaala mpya umezileta na ambazo alama zake huingia katika asilimia 20 ya tathmini endelevu, huku mtihani wa UNEB ukibeba asilimia 80. Hapa ndipo uwezo wa mwalimu unapoonekana bila kificho, kwa sababu AOI nzuri haitungwi na mtu asiyelijua somo.

AOI ina hadithi ya hali fulani, ina kazi ya kufanya, na ina vielelezo vya kusaidia. Udhaifu wa kawaida ni kuchukua swali la zamani, “Eleza masharti ya Mkataba wa Buganda wa 1900”, na kulibandikia juu hadithi ya mzee anayewasimulia wajukuu. Kuna kipimo chepesi cha kuugundua udhaifu huo: funika hadithi kwa kiganja, kisha soma kazi iliyobaki. Kama bado inajibika vilevile, hadithi ni pambo, na mwanafunzi atajibu kwa kumwaga noti.

Linganisha na AOI kama hii. Familia moja Mukono inaishi kwenye kibanja, ardhi inayokaliwa bila hati, tangu enzi za babu. Kijana mwenye hati ya mailo, umiliki uliotokana na mkataba ule wa 1900, amekuja na kuwataka wahame mwezi huu. Kikao cha LC1, baraza la kijiji, kitakaa Jumamosi. Mwanafunzi anatakiwa aandike maelezo ya ukurasa mmoja yatakayosomwa kwenye kikao, yaeleze ilikuwaje watu wawili wakawa na madai ya kweli juu ya kipande kimoja cha ardhi, na apendekeze hatua mbili. Vielelezo anavyopewa ni mgawanyo wa ardhi ya Buganda wa 1900, ambapo maili za mraba 8,000 zilikwenda kwa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, maili 350 kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na 9,000 zikawekwa chini ya serikali ya kikoloni. Sheria ya busuulu na envujjo (kodi ya kibanja na kodi ya mazao) ya 1928 iliyowawekea wenye ardhi mipaka ya kutoza. Amri ya 1975 iliyofanya ardhi yote kuwa ya umma. Na Sheria ya Ardhi ya 1998, inayomlinda aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 kabla ya Katiba ya 1995. Ukiifunika hadithi hii, kazi inakufa. Mwanafunzi hawezi kujibu bila kuuliza babu aliingia lini, na busuulu alilipa kwa nani. Na akifika nyumbani, kuna uwezekano mkubwa baba yake ana shida hiyohiyo.

Majaji wasiishie kwenye swali, waende kwenye majibu. Wachukue majibu 12 ya darasa moja na kuyasoma mfululizo. Kama sentensi za tatu na za nne zinafanana neno kwa neno, majibu yalisomwa ubaoni na watoto wakanakili. Halafu wafungue kitabu cha alama. Alama za kughushi zina sura yake: safu nzima imeandikwa kwa kalamu moja na mkono usiopumzika, haina tarehe, na karibu kila mtoto yuko kwenye ngazi ya kati, kwa sababu ngazi ya kati haiulizwi maswali. Dawa ni kuchagua majina matatu na kuomba kuiona kazi iliyozaa alama zile.

Tuwe waadilifu hapa, kwa sababu kughushi alama hakuanzi na uvivu. Mwalimu wa mikondo minne yenye wanafunzi 70 ana wanafunzi 280. Akitumia dakika 5 tu kwa AOI ya kila mmoja, ni dakika 1,400, zaidi ya saa 23, kwa kazi moja, na zinatoka kwenye usiku wake. Tuzo inayodai kila daftari liwe limesahihishwa mstari kwa mstari itampa ushindi mwenye darasa dogo, au mwongo. Kinachostahili alama ni maarifa ya kukabiliana na wingi huo. Yupo anayesahihisha aya moja tu aliyoitangaza mapema. Yupo anayesoma madaftari 20 kwa makini, akaorodhesha makosa manne yaliyojirudia, akayafundisha upya ubaoni, kisha wote 70 wakajirekebisha wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Ukiona rangi hiyo ya pili ndani ya daftari la mtoto aliye mkiani mwa darasa, umeona ualimu.

Ndiyo maana madaftari yasichaguliwe na mwalimu. Majaji wakifika, wachukue rejista na kutaja namba: wa 7, wa 23, wa 51. Ukimwachia mwalimu achague, atakuletea la yule msichana mwenye mwandiko wa kuchapwa, na utaondoka hujui lolote. Kwa kila mtoto walinganishe ukurasa wa Februari na wa Julai. Daftari likikosekana, wasiadhibu, waulize tu kwa nini. Kuna watoto wanaotumia daftari moja kwa masomo matatu, na mwalimu anayelijua hilo bila kuangalia popote amekwishajibu swali jingine.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalomtenga mwalimu wa historia na walimu wengine wote: namna anavyoyafundisha mambo ambayo bado yanauma. Chukua kura ya maoni ya Novemba 4, 1964, Buyaga na Bugangaizi, kaunti mbili zilizokuwa chini ya Buganda, walipochagua kurudi Bunyoro. Hoima, huko Bunyoro, tukio hilo ni haki iliyorejeshwa baada ya miaka 70 ya kunyang'anywa. Ukivuka kuja Mukono, ni kipande cha Buganda kilichokatwa. Au chukua Mei 24, 1966, jeshi liliposhambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo na Kabaka mwenyewe, Mutesa II, akakimbilia uhamishoni. Darasa moja la shule ya bweni linaweza kuwa na watoto waliosimuliwa tukio hilo kwa namna tatu tofauti na bibi zao.

Mwalimu mwoga hulipita kwa mistari minne ya noti. Mwalimu mwenye upande hulifundisha kama wimbo wa kwao. Anayefaa kutuzwa hufanya mambo ambayo jaji anaweza kuyaona kwa macho: analeta maandishi mawili yanayopingana na kuyaweka mezani pamoja, anawafundisha watoto kutenganisha tukio na jina lililopewa tukio, maana anayesema “mapinduzi” na anayesema “uvamizi” wanaelezea asubuhi ileile, na anamtaka kila mwanafunzi aeleze hoja ya upande asioupenda hadi mwenye upande huo akubali kwamba, naam, hivyo ndivyo tunavyosema sisi. Jaji akae na wanafunzi sita, mwalimu akiwa nje, aulize swali moja: upande wa pili ungejibuje? Wakicheka na kudharau, somo halikufika. Wakitulia na kuanza, “Wao wangesema kwamba…”, andika alama.

Kwa sababu hiyohiyo, wanasiasa na maafisa wa utawala wa wilaya wasikae kwenye jopo la majaji. Mwalimu akijua anatathminiwa na mtu wa namna hiyo, atachagua kufundisha biashara ya misafara au asili ya Wabantu, mada zisizomuudhi mtu yeyote, na tuzo itakuwa imewafunza walimu woga.

Kuhusu jiografia, jicho liwe kwenye kazi ya uwandani. Shule zenye pesa hukodi basi kwenda Jinja kuona bwawa. Wanafunzi wanarudi na picha na soda, na ripoti zao zinanukuu kitabu. Mwalimu mahiri hahitaji basi. Anawapeleka kwenye chemchemi iliyo nusu kilomita kutoka shuleni na jerikani ya lita 20. Saa 1 asubuhi wanapima muda wa kujaza jerikani. Saa 7 mchana wanapima tena. Ikijaa kwa sekunde 50, mtiririko ni lita 24 kwa dakika. Wanahesabu foleni, wanawahoji watu 10 wanatoka umbali gani, wanachora ramani ya eneo, na ramani hiyo inakataliwa ikiwa haina kichwa, fremu, ufunguo na mshale wa kaskazini. Kosa kubwa la ripoti za wanafunzi ni kuandika matokeo ambayo hayakupimwa siku ile. Ukikuta ripoti inasema chemchemi hupungua maji Januari, na darasa lilikwenda mara moja tu mwezi Juni, ujue mwalimu hakuisoma.

Historia nayo ina uwanda wake. Hoima wana makaburi ya Mparo alikolazwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Kibiro, ambako wanawake wanachemsha chumvi kando ya Ziwa Albert kwa mbinu za kale. Gulu wana ngome ya Patiko. Kumi wana michoro ya miambani ya Nyero. Ssembabule wana mahandaki ya Bigo bya Mugenyi. Na pasipo na lolote la hivyo, pana mzee mwenye miaka 80, na maswali matano yaliyoandaliwa vizuri.

Utaratibu wenyewe usiwe mzito. Majina yapokelewe Februari na Machi, muhula wa kwanza, na milango iwe wazi kwa wanafunzi, wazazi, walimu wenzake na hedimasta. Ukimwachia hedimasta peke yake utapata mkuu wa taaluma au mwalimu wa nidhamu. Pendekezo liwe ukurasa mmoja, na mwenyewe aridhie kabla jina halijaenda mbele. Faili la mwalimu lisizidi kurasa 12: AOI mbili alizotunga, majibu sita ya wanafunzi yenye marekebisho, mpango wa somo moja, na ukurasa mmoja wa maelezo yake. Bila kikomo utapokea mafaili ya kurasa 90 yaliyochapishwa kwa rangi, na mwalimu wa wilaya ya mbali kama Kaabong anayelipia kila nakala kutoka mfukoni ameshindwa kabla ya kuanza.

Ziara zifanyike muhula wa pili. Muhula wa tatu UNEB imeshika shule zote, na hakuna ufundishaji wa kawaida wa kuona. Ziara ziwe mbili: moja kwa taarifa, na nyingine wakati wowote ndani ya wiki mbili zilizotajwa. Jaji akae kipindi pacha chote cha dakika 80, asitoke baada ya dakika 15 kwenda kunywa chai ofisini. Jopo la watu watatu linatosha: mwalimu wa somo hilohilo kutoka wilaya nyingine, mkufunzi wa chuo cha ualimu, na hedimasta mstaafu. Katika alama 100, tungeweka 40 kwenye madaftari na AOI, 25 kwenye kipindi kilichoshuhudiwa, 20 kwenye mazungumzo na wanafunzi, 10 kwenye msaada aliowapa walimu wengine, na 5 tu kwenye matokeo ya UNEB, tena yapimwe kwa umbali kutoka jumla ya PLE mtoto aliyoingia nayo.

Mambo mawili yatavuruga tuzo yasipoangaliwa. La kwanza ni Kampala na Wakiso kula nafasi zote, kwa sababu taarifa zinafika huko mapema na majaji wanaishi huko. Kila eneo, kuanzia West Nile, Acholi na Karamoja hadi Busoga, Ankole na Kigezi, litoe mshindi wake, na shule za USE zisipimwe kwenye kapu moja na shule kubwa za bweni. La pili ni walimu wanaofundisha shule mbili au tatu kwa wiki ili mwezi uishe. Hawa hawana hedimasta anayewaita wake, kwa hiyo hakuna anayewapendekeza, na wengi wao ni hodari sana. Wanafunzi wanaporuhusiwa kupendekeza ndipo majina yao yanapoanza kutokea.

Na zawadi? Pesa taslimu, bila aibu. Kisha vitu vya kazi: seti ya ramani 40 za skeli ya 1:50,000 kutoka idara ya upimaji na ramani Entebbe, ili wanafunzi wa darasa lake, wawili wawili, washike ramani halisi badala ya fotokopi iliyopoteza kontua. Na siku sita kwa mwaka, kwa miaka miwili, za kwenda kufundisha mbele ya walimu wa shule jirani, huku mwalimu wa kushika vipindi vyake akilipwa na mfuko wa tuzo. Bila malipo hayo ya mshika vipindi, mshindi anarudi kukuta AOI 280 zinamsubiri, na mwaka unaofuata atajificha asipendekezwe. Mpango huo wa miaka miwili una kazi nyingine pia: unampa sababu ya kubaki na chaki. Mwalimu akishatajwa redioni, shule tajiri humfuata au serikali humpa unaibu hedimasta, na darasa linampoteza mtu aliyetuzwa kwa ajili ya darasa.

Wale ambao hawakushinda, kila mmoja aandikiwe barua ya ukurasa mmoja na majaji waliomtembelea. Itaje daftari la mtoto yupi liliwavutia na kwa nini, AOI ipi ilibaki inajibika hadithi ilipofunikwa, na swali gani wanafunzi wake sita walishindwa kulijibu. Ifike mikononi mwake kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa, akiwa bado ana wiki mbili za kuandaa kazi.